Uzamivu Ujerumani: anza na msimamizi, si na fomu

Ukizoea mtindo wa Marekani, wa kujaza fomu, kulipia kila ombi na kungoja kamati, Ujerumani itakuchanganya. Hapa mara nyingi udahili wa uzamivu huanza na mtu mmoja: profesa atakayekubali kukusimamia. Wenyewe humwita Doktorvater, yaani baba wa udaktari, au Doktormutter akiwa mwanamke. Akikukubali, ndipo kitivo kinapoangalia vyeti vyako.

Barua pepe yangu ya kwanza iliomba "nafasi yoyote iliyopo". Niliituma kwa maprofesa thelathini siku moja. Kimya. Iliyofuata niliiandika baada ya kusoma makala mbili za yule niliyemwandikia. Nilimweleza kwamba nimewahi kupima sumukuvu kwenye mahindi ya Kibaigwa, nikamuuliza kama njia yake ya kupima ingefaa kwenye ghala lisilo na umeme. Mistari kumi na miwili tu. Kesho yake alijibu.

Karo kwenye vyuo vya umma kwa kawaida si tatizo. Utalipa mchango wa muhula. Tatizo ni kula. Kuna ufadhili, kama wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na watafiti, na kuna ajira chuoni kwa daraja la 13 la mshahara wa serikali. Tangazo likisema asilimia 65, au 50, ujue hicho ndicho kipande cha mshahara utakachopata. Kazi yenyewe haikatwi hivyo. Maabara utashinda hadi usiku kama wenzako. Hata hivyo, mimi ningechagua ajira, kwa kuwa inakuchangia pensheni, na ufadhili hauchangii.

Usidanganyike na uprofesa. Sheria ya hapa huruhusu mikataba ya muda vyuoni hadi miaka 6 kabla ya uzamivu na 6 baada yake (9 kwa fani ya tiba), na viti vya kudumu havitoshi hata kwa Wajerumani. Wengi huishia viwandani na kwenye taasisi za utafiti. Kwa hiyo jifunze Kijerumani hata kama tasnifu unaiandika kwa Kiingereza: maabara itakuvumilia, mwajiri wa mtaani hatakuvumilia. Mhitimu wa chuo cha hapa anaweza kuomba kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi.

Unayewaza kurudi Tanzania, shahada yako itapitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ili itambuliwe. Uzamivu wa Kijerumani mara nyingi hauna masomo ya darasani, kwa hiyo hauna karatasi ya matokeo, na ofisi za nyumbani zinaipenda sana karatasi hiyo. Kiombe kitivo barua yenye mhuri inayoeleza hivyo ukiwa bado upo. Kuifuatilia kutoka Dodoma ni shughuli nyingine. Na usianze kujiita Dokta siku ya utetezi wa tasnifu: mpaka tasnifu ichapishwe na kitivo kikukabidhi cheti, jina hilo bado si lako.