Kurudia Kilatini cha mwanzo: anzia mkiani mwa neno

Mimi huanza na karatasi tupu, kitabu kikiwa kimefungwa. Naandika kwa kumbukumbu maumbo yote ya puella, "msichana", ndipo nafungua na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Umbo la kukaa nalo zaidi ni puellae: laweza kuwa "wa msichana", "kwa msichana" au "wasichana". Usilikariri peke yake. Litungie sentensi tatu.

Halafu linganisha Puella agricolam amat, "msichana anampenda mkulima", na Agricola puellam amat, "mkulima anampenda msichana". Msichana na mkulima ni wale wale, ila ile -m ya mwisho ndiyo inayosema nani anapendwa, popote neno litakapokaa. Sisi tumezoea viambishi vya mbele, kwa hiyo jicho lazima lifundishwe kutazama nyuma.

Vitenzi vina nafuu: amo hubeba mtenda ndani yake, kama "napenda".

Msamiati naupa dakika 10 asubuhi na 10 usiku. Kila nomino naiandika kwenye kadi pamoja na umbo lake la umilikishi: rex, regis, "mfalme, wa mfalme", kwani shina reg- limejificha kwenye rex. Mensa haikuhitaji kadi. "Meza" yetu ilitoka humo kupitia Kireno. Kadi nilizokosea huziweka juu ya fungu la kesho.