Nusu-maisha: hesabu mishale, siyo namba

Jana jioni hapa Ujiji nikimwelekeza mdogo wangu wa kidato cha nne, tumegundua makosa yake mengi kwenye nusu-maisha, yaani muda ambao nusu ya dutu yenye mnururisho huoza, yanaisha akichora mishale. Andika kiasi cha mwanzo, kata nusu, chora mshale, kata tena. Iodini-131 ina nusu-maisha ya siku 8, kwa hiyo gramu 80 hadi zibaki 10 zinakwenda hivi:

80 → 40 → 20 → 10

Mishale 3, mara siku 8, ni siku 24. Yeye alikuwa anahesabu namba, anapata 4, anajibu siku 32. Mshale ndio muda wenyewe. Namba ni kilichobaki tu. Na kila mara unakata nusu ya kilichobaki, siyo ya kile cha mwanzo, ndiyo maana baada ya siku 16 haiishi. Swali likiuliza kilichooza, toa: 80 − 10 = 70.

Mishale inagoma muda usipogawanyika sawasawa. Siku 20 ni nusu-maisha 2.5, na jibu siyo 15, yaani katikati ya 20 na 10. Chukua kikokotoo: 80 × 0.5 kwa kipeo cha 2.5, unapata kama gramu 14.1.

Halafu kuna mtego wa mnururisho wa mazingira, yaani ule uliopo tayari hata bila sampuli yako, huu unawaangusha hata wanaojiweza. Kipima mnururisho kikisoma hesabu 100 kwa dakika, na 20 kati ya hizo ni za mazingira, ondoa kwanza hizo 20 ndipo ukate: 80 → 40. Kisha rudisha zile 20, maana za mazingira hazikatwi: baada ya nusu-maisha moja kitasoma 60, siyo 50.