Shokapu na bushi mpya, mbele ya gari bado panagonga

Anza na linki za stabilaiza, vile vyuma vifupi vinavyounganisha fimbo ya stabilaiza (inayopunguza gari kulala kwenye kona) na shokapu au mkono wa gurudumu. Ndizo hulegea zaidi. Gari likiwa chini, injini imezimwa, shika linki huku mwenzako akitikisa bodi. Ikigonga kiganjani, umeipata: kaza nati, na boljointi yake (kiungo cha mviringo kwenye ncha) ikicheza, badilisha.

Usukani ukikatwa gari limesimama, springi ikaruka “tang!”, kagua beringi ya maunti ya juu (pale shokapu inapofungwa kwenye bodi), na ncha ya springi kama imekaa kwenye kituo chake.

Bushi za mpira zinazolia, mara nyingi zilikazwa magurudumu yakining'inia, zikabaki zimejipinda, zitachanika mapema. Legeza boliti, gari likanyage kwa uzito wake, ndipo ukaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Za poliyurethani zinataka grisi ya silikoni.