Mwaga vidonge vyako mezani kwanza

Mama anayenyonyesha akiniuliza ameze vitamini gani ili mtoto anenepe, huwa simjibu. Namwambia amwage mezani kila anachomeza. Kuna mmoja alimwaga aina sita, na mbili kati yake zilikuwa kitu kilekile chenye majina tofauti. Miaka 21 niko kliniki ya mama na mtoto hapa Tanga, na bado mezani hapo ndipo ninapoanzia.

Vigawe mafungu mawili: vinavyomfikia mtoto kwa maziwa, na vinavyoishia kwako.

FEFO, vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na foliki, ni yako wewe. Hata ukimeza kila siku, madini ya chuma katika maziwa hayaongezeki kwa maana. Yanarudisha damu uliyopoteza. Mimi, muuguzi mzima, nilipojifungua wa kwanza nilikuwa nikiteremshia FEFO kwa chai ya rangi. Miezi miwili, damu palepale! Chai huzuia chuma kuingia mwilini. Meza kwa maji, kula na chungwa au embe, chai isubiri kidogo. Ukiona choo cheusi usishtuke, ni hivyo vidonge.

Vitamini nyingi za kundi B na madini joto ni habari nyingine. Hapo maziwa yanafuata mwili wako: ukipungukiwa, na mtoto anapungukiwa. B12 ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana chanzo chake ni vyakula vya wanyama. Mama asiyegusa nyama, samaki, mayai wala maziwa lazima apate kidonge chake, la sivyo mtoto anaweza kupungukiwa damu, kulegea na kuchelewa kukaa. Anayekula dagaa na mayai mara kwa mara hana haja ya kumaliza hela dukani. Madini joto yatoke kwenye chumvi ya paketi iliyoandikwa hivyo.

Vitamini A inahitaji tahadhari. Zamani tulimpa mzazi kidonge kimoja kikubwa cha yuniti 200,000. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likasema kisipendekezwe tena, kwani haikuonekana kupunguza maradhi wala vifo vya mama na mtoto. Kula matembele, viazi lishe, mawese. Mtoto atapata tone lake akifika miezi sita: la kidonge cha bluu kwanza, la chekundu akitimiza mwaka, kisha kila baada ya miezi sita.

Na mwenye VVU asijinunulie vitamini A kabisa. Utafiti ulioanza Dar es Salaam mwaka 1995, kwa wajawazito 1,078 wenye VVU walioendelea na vidonge wakinyonyesha, ulionyesha mambo mawili. Watoto wa waliopewa B, C na E waliharisha kidogo kuliko wenzao. Lakini vitamini A iliongeza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wakati ule dawa za kufubaza virusi hazikuwapo kwa watu wa kawaida. Leo dawa hizo ndizo kinga, vitamini haishiki nafasi yake.

Imebaki D. Maziwa ya mama huwa nayo kidogo sana, na kidonge cha kawaida cha mama hakitoshi kuyajaza. Huku kwetu mzazi na mwanawe hukaa ndani arobaini nzima, na baadaye mama hutoka amejifunika, mtoto amefunikwa khanga mbili. Daktari akiona mtoto anahitaji, humwandikia matone yake mwenyewe, mara nyingi yuniti 400 kwa siku, asije akapata matege. Hapo soma chupa. Kuna za yuniti 400 kwa tone moja, na kuna za yuniti 400 kwa mililita nzima. Ukijaza bomba kwa chupa ya aina ya kwanza umempa dozi ya wiki kadhaa kwa siku moja. Usipoelewa maandishi, usifungue. Njoo nayo pamoja na kadi ya mtoto.