Kabla hujaanza kulipa madeni: neno kwa tunaoishi kwa pesa ya ziwa

Nilipokuwa nadaiwa sehemu nne kwa wakati mmoja, nilikuwa nalipa kila siku na deni halipungui. Nilimlipa aliyepiga simu kwa ukali zaidi, kesho yake nikakopa kwingine ili nimtulize wa pili. Nauza dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na akina mama wengi ninaopanga nao magunia wamepita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ninachosisitiza ni mambo ya kuyaweka sawa kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.

Anza na daftari. Andika kila deni peke yake: nani anakudai, ulichukua kiasi gani, umeshalipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, kila rejesho ni shilingi ngapi na linadaiwa lini, na dhamana uliyoacha. Usiache nje deni la duka la mtaani wala la shemeji. Omba kila mkopeshaji akuandikie salio, kwa sababu unalolikumbuka kichwani mara nyingi ni dogo kuliko la kweli.

Kisha tafuta riba halisi, na hapa usiwe na haraka. Tuseme umechukua 200,000 za kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Utalipa 260,000. Mkopeshaji atakwambia riba ni asilimia 30. Lakini hukukaa na zile 200,000 mwezi mzima. Ulianza kuzirudisha kesho yake, na kwa wastani ulikuwa na karibu nusu tu mkononi. Kwa pesa uliyoitumia kweli, umelipa karibu mara mbili ya riba uliyotajiwa. Sasa linganisha: kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, Benki Kuu iliweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi.

Hata asilimia hiyo uliza inahesabiwaje. Mkopo wa 600,000 kwa miezi sita, riba ikipigwa kwenye mkopo wote kila mwezi, ni 126,000. Ikipigwa kwenye salio linalopungua, huku ukirudisha 100,000 za mtaji kila mwezi, ni 73,500. Tofauti ya 52,500 imetokana na swali moja ambalo wengi wetu hatuulizi.

Mwenye kadi ya mkopo ya benki naye ana hesabu yake. Taarifa ya mwezi huonyesha kiwango cha chini cha kulipa, na kinavutia kwa sababu ni kidogo. Chukua mfano wa deni la 1,000,000 lenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Ukilipa 50,000, 30,000 zinakwenda kwenye riba na ni 20,000 tu zinazopunguza deni. Kabla ya mpango wowote, kadi iwekwe ndani, na hasa isitumike kutoa pesa taslimu kwenye ATM, maana kwa kawaida riba ya pesa hiyo huanza siku hiyo hiyo, na ada juu yake.

Sasa jambo ambalo mipango mingi hailijui: mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika. Wiki nzima au zaidi Mwaloni panapoa. Mkopeshaji hajali; rejesho la kila siku linadai hata siku ambayo hakuna kilichoshuka. Ndiyo maana chukua kalenda, weka alama siku za giza na siku za mbalamwezi, kisha pima mapato yako ya miezi mitatu iliyopita kwa vipindi hivyo. Wakati wa giza tenga na akiba ya kuvukia mbalamwezi. Kumbuka pia mvua: dagaa wakinyeshewa wakiwa wameanikwa, bei inaanguka na wengi huishia kuwa chakula cha kuku. Kiasi cha kulipa kipangwe kwa mwezi mbaya, na mwezi mzuri uongeze.

Hapo ndipo uende kuongea na wakopeshaji, kabla hujakosa rejesho na siyo baada ya kukosa. Omba la siku liwe la wiki, au lisimame mbalamwezi na lirudi giza. Wapo watakaokataa. Atakayekubali, makubaliano yaandikwe na yasainiwe. Angalia pia kama ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Benki Kuu ina tawi hapa hapa Mwanza, na malalamiko hupokelewa.

Kuhusu nani aanze kulipwa, mimi naanza na mwenye riba kubwa, huku wengine wakipata kile kiasi cha lazima. Wapo wanaoanza na deni dogo ili wapate nguvu ya kuona jina limefutwa daftarini, na sitawapinga. Kuchukua mkopo wa SACCOS au VICOBA ili kufunga kausha damu kunafaa ikiwa riba ni ndogo kweli, na pesa iende moja kwa moja kwa mdai bila kupitia sokoni. Ukiwa na deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa kwenye simu, jua kwamba pesa ikiingia inakatwa kwanza. Usipokee kwenye laini hiyo mtaji wa mzigo wa kesho.

Mwambie mwenzako nyumbani. Mpango unaofichwa huvunjwa na ada ya shule au harusi ambayo hakuna aliyejua kwamba huwezi kuichangia.

Mwisho, kama uliacha kadi yako ya ATM na namba ya siri kwa mkopeshaji, andika tarehe ya kuidai. Siku ya rejesho la mwisho chukua risiti, chukua kadi, na ubadilishe namba ya siri kabla hujapanda daladala ya kurudi nyumbani.