Mtihani wa 11+ huko England: jinsi ya kumwandaa mtoto wakati karatasi zinabadilika

Mzazi aliyesomea Tanzania au Kenya amezoea mtihani mmoja wa taifa na makabrasha ya mitihani ya miaka iliyopita. Shule za grammar za England, yaani sekondari za serikali zinazochagua wanafunzi kwa mtihani huu wa 11+ wakiwa na miaka 10 au 11, zimebaki 163, nazo haziendi hivyo. Kila eneo, na mahali pengine kila shule, lina mtihani wake, na mtihani huo unaweza kubadilika mtoto akiwa katikati ya maandalizi. Mwaka 2022 CEM, mmoja wa watungaji wakubwa wa mtihani huo, iliacha kutoa mitihani ya karatasi, na maeneo mengi yakahamia kwa mtungaji mwingine, GL Assessment. Reading School, ya mji wa Reading, ilichukua mtihani wa mtungaji wa tatu, FSCE, unaomtaka mtoto aandike insha ya kubuni. Vitabu vya CEM bado vinauzwa mitumba kwa bei ndogo, na wazazi wanaendelea kuvinunua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mzazi. Mtoto akiwa Mwaka wa 5 wa shule ya msingi (miaka 9 hadi 10), fungua ukurasa wa udahili wa kila shule unayoifikiria na uandike mambo manne: nani anatunga mtihani, masomo gani yanapimwa, ni maswali ya kuchagua au ya kuandika, na siku ya mwisho ya kujiandikisha. Rudia tena mwezi wa Mei, maana hapo ndipo taarifa za mwaka husika zinakuwa zimetoka. Usichukue maelezo ya mzazi ambaye mwanawe alifanya miaka mitatu iliyopita, hata kama alifaulu.

Tofauti za maeneo si ndogo. Huko Kent mtoto hufanya karatasi ya Kiingereza na hesabu, kila sehemu dakika 25 baada ya dakika 5 za mazoezi, kisha karatasi ya mantiki ya maneno na ya michoro, kisha zoezi la kuandika la dakika 40. Zoezi hilo halipewi alama, ila jopo la walimu wakuu linaweza kulitazama mtoto akikosa alama kidogo. Essex, kwenye shule za muungano wa CSSE, mtoto huandika majibu yake mwenyewe. Aliyezoea kuchagua A hadi E peke yake ataumia hapo.

Yapo mambo ambayo hayabadiliki hata mtungaji akibadilika, nayo ndiyo ya kuanzia. Mwaka wa 4 haina haja ya vitabu vya mtihani. Jedwali la kuzidisha hadi 12 lijulikane bila kusita, na usomaji uwe wa kila siku, nusu saa, vitabu vilivyo juu kidogo ya kiwango chake. Kila siku achague maneno matatu mapya, ayaandike pamoja na kisawe na kinyume cha kila moja kwa Kiingereza. Nyumbani endeleeni na Kiswahili. Fumbo la michoro au hesabu ya maneno huelezeka vizuri kabisa kwa lugha ya mama. Msamiati wa Kiingereza unatoka kwenye vitabu, si kwa kuacha lugha yenu.

Kuanzia Januari ya Mwaka wa 5, chukua aina moja ya swali kwa wiki, bila saa. Hesabu za Mwaka wa 5 ziishe kabla ya Julai: sehemu, desimali, asilimia, eneo, pembe, kusoma chati. Mtihani uko Septemba, mwanzo wa Mwaka wa 6, shule ikiwa imefunguliwa juzi tu, na shule ya msingi haina wajibu wa kumwandaa mtoto kwa ajili yake. Baada ya Pasaka ingiza saa, vipande vya dakika 10. Karatasi nzima ziwe za Julai na Agosti, moja kwa wiki. Zaidi ya hapo mtoto anachoka na alama zinashuka, kisha mzazi anaongeza karatasi nyingine, na hali inazidi kuharibika.

Kusahihisha ndiko kunakofundisha. Kila kosa liingie kwenye moja ya safu tatu: hakujua, alijua lakini hakusoma swali vizuri, muda ulimwishia. Safu ya kwanza inahitaji somo lirudiwe. Ya pili inahitaji apige mstari chini ya kinachoulizwa kabla ya kujibu. Ya tatu inahitaji ajifunze kuliruka swali linalomkwamisha, aliwekee alama, alirudie mwishoni. Makosa yote matatu yakitibiwa kwa karatasi mpya, yanabaki palepale.

Kwenye mitihani ya GL, karatasi ya majibu iko peke yake na inasomwa na mashine. Mtoto akiruka swali la 14 bila kuacha mstari wake wazi, kila jibu linalofuata linaingia pasipo pake. Mfundishe kulinganisha namba kila baada ya maswali matano. Kwenye tahajia ajue pia kwamba herufi N maana yake sentensi haina kosa. Watoto wengi hulazimisha kosa lisilokuwepo. Vijitabu vya mazoezi vya GL hupatikana bure mtandaoni, vikiwa na karatasi hizo za majibu. Vichapishe.

Usajili nao una mitego. Buckinghamshire husajili wenyewe wanafunzi wa shule zake za msingi za serikali. Kent mzazi lazima amwandikishe mtoto, kwa kawaida kati ya Juni na mwanzoni mwa Julai, na aliyechelewa amechelewa. Aliyezaliwa Agosti, ambaye huwa mdogo kuliko wote darasani, asikutie hofu, kwa sababu alama hurekebishwa kwa umri wa miezi.

Majibu hutoka kabla ya tarehe 31 Oktoba, siku ya mwisho ya kujaza fomu ya halmashauri ya kuomba nafasi za sekondari. Kufaulu si kupata nafasi: shule nyingi huangalia pia umbali wa nyumba. Kwa sababu hiyo weka kwenye orodha angalau shule moja isiyo ya grammar iliyo karibu na nyumbani, ambayo mtoto ameitembelea na kuipenda, kabla ya barua za tarehe 1 Machi zinazosema mtoto amepangiwa shule gani.