Somo: Kutafuta kazi ya usoja (ulinzi wa kampuni) Nairobi, anza na karatasi

Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena namtuma hapa.

1. Uwe na miaka 18 na kipande (kitambulisho) cha Kenya.

2. PIN ya KRA (ushuru), NSSF (akiba ya uzeeni), SHA (bima ya afya). Kujisajili ni bure. Mtu wa saiba (duka la intaneti) mlipe jasho lake tu.

3. Cheti cha mwenendo mwema. Hapa ndipo vijana wanarudishwa kila siku. Unaomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unalipa shilingi 1,050, unachapisha bili na fomu ya C24 (ya alama za vidole), kisha unaenda kupigwa alama za vidole makao makuu ya DCI (idara ya upelelezi), Kiambu Road, au Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) kama ile ya GPO, posta kuu. Sasa sikiza: C24 ina kurasa mbili, na lazima zitoke kwenye karatasi MOJA, mbele na nyuma. Saiba watakupa karatasi mbili zenye pini, upange foleni asubuhi nzima, halafu dirishani uambiwe ukachapishe upya. Simama kando ya printa mpaka uione ikigeuzwa. Majina yafuate kipande herufi kwa herufi. Beba kipande chenyewe, kopi haitoshi. Na kama umetoka mjengo, saruji inakula ngozi na alama hazishiki wino vizuri: pumzisha mikono siku kadhaa, paka mafuta usiku, asubuhi ya safari nawa mikono ikauke.

ONYO: usilipe karo ya mafunzo kabla cheti hiki hakijatoka. Kikija na doa la kesi, karo hairudishwi.

4. Mafunzo. Chuo kiwe kimeidhinishwa na PSRA, mamlaka ya kusimamia ulinzi wa kibinafsi iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016. Idhini uione kwa macho. Anayekuahidi lindo Jumatatu kabla hujapiga hata kwata, mkimbie.

5. Usajili. Mlinzi mwenyewe husajiliwa na PSRA, si kampuni pekee. Nambari yako ya GFN, ndiyo nambari ya usajili wa mlinzi, iandike mahali salama.

MASWALI

— Bosi, kazi iko? Nitumie namba.
Hili ni somo, si ofisi ya ajira. Soma hatua ya 3.

— Printa yetu haigeuzi. Nikigundisha hizo mbili?
Ndugu, nimeandika MOJA kwa herufi kubwa. Chapisha ukurasa wa kwanza, rudisha karatasi hiyo hiyo kwenye printa, chapisha wa pili.

— Kaka, niko geti la ofisi Upper Hill. Wageni wanagoma kuacha kipande. Sheria inasemaje?
Dada, umeuliza la maana. Kifungu cha 48 cha ile sheria ya 2016 iliyounda PSRA kinakuruhusu kumtaka anayeingia ajitambulishe, kuandika saa ya kuingia na kutoka, na kukishika kitambulisho kwa muda. Akitoka, mpe chake. Lakini kuna pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019: kitabu cha wageni kisikae wazi huyu akasoma namba ya yule, na usijaribu kumtumia mgeni ujumbe kwa namba uliyoitoa humo. Wapo masoja waliozoea hivyo, na wanatuharibia jina sote.

— Jioni wakitoka pamoja vipande vinachanganyika. Mnafanyaje?
Tafuta kisanduku chenye vyumba vya nambari, kila mgeni umpe kibao cha nambari yake.

— Naongeza: buti za usiku chukua Gikomba, saizi moja juu, zikubali soksi mbili. Julai utanikumbuka.
Ukweli huo. Na uzijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba.